Jiopaki imefika kijijini kwenu, fanyeni hivi
Kama unaishi Karatu, Monduli au Ngorongoro basi uko mitaa ya jiopaki ya Ngorongoro Lengai, yaani eneo lenye miamba na volkano za thamani kwa dunia nzima, linalotakiwa kutunzwa na kuwafaidisha wenyeji, UNESCO waliitambua 2018, so usikae tu unahesabu landkruza za watalii zikipita. Nenda mkutano wa kijiji uulize hela ya wageni wanaopanda mlima wa volkano Oldoinyo Lengai inaingia wapi, vijana wangapi wa hapahapa wanaongoza wageni, kina mama wa shanga wanauzia wapi, halafu malisho na maji ya ng'ombe je? Hapo ndo penye kesi yenyewe, usikubali majibu ya juujuu. Yaandikeni yote. Hiyo hadhi hukaguliwa upya kila miaka 4, wakaguzi wakija waonyesheni daftari, wana kadi ya njano na nyekundu kama marefa vile: njano ni onyo la kurekebisha mambo, nyekundu hadhi inaondolewa.