Masters ya uhandisi wa mitambo: anzia gatini Mokowe

Vijana wa Lamu wakishamaliza digrii ya uhandisi wa mitambo huniuliza swali moja: nifanyie masters chuo gani? Jibu langu huwaudhi. Chuo kiweke kando kwanza, niambie una tatizo gani.

Iwe Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT kule Juja, kuna masomo ya darasani, kisha tasnifu. Darasani utapita. Watu hukwama kwenye tasnifu, kwa sababu waliomba nafasi na mada kama “nishati jadidifu barani Afrika”, ambayo hata msimamizi hajui aishike wapi.

Wewe umekulia penye maabara ya bure. Nenda gati la Mokowe maji yakiwa yametoka, utazame boti zikielekea Amu, yaani mji wa Lamu. Injini hupozwa kwa maji ya bahari, na ndani ya pampu yake mna feni ya raba inayoenea kiganjani. Boti ikipita penye maji haba huvuta na mchanga. Mchanga huila ile raba, na mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini huwa mwembamba. Nahodha akiuona hivyo anajua injini itachemka. Fundi hubadilisha raba, basi, kazi imekwisha.

Yako ndiyo inaanza hapo. Mchanga kiasi gani unapunguza maji ya pampu kwa kiasi gani, na raba ya aina ipi hudumu? Swali hilo linapimika. Endesha pampu ndani ya pipa kwa mota ya umeme, kasi ile ile. Mchanga pima kwa gramu kwenye kila lita. Maji yanayotoka yakinge kwa ndoo, saa mkononi. Raba ipime uzito kabla na baada, lakini iache ikauke vizuri kwanza: raba hunywa maji, ukiipima mbichi utadanganyika. Sampuli za mchanga chukua wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, maana maji hayachafuki sawa. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiwe mkononi kabla hujachota chochote, na wenye BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wajue unafanya nini.

Andika haya yote kwa ukurasa mmoja. Sasa tafuta msimamizi: soma walichochapisha walimu wa idara, umtafute anayeshughulika na pampu au uchakavu wa vifaa. Barua pepe iwe fupi, ule ukurasa umeambatishwa, na umuulize kama maabara ina mizani na mota unayohitaji. Salamu zetu za kipwani, za kuulizia mpaka hali ya mashangazi, ziache nyumbani siku hiyo.

Kuhusu alama, idara nyingi hutaka daraja la pili la juu. Mwenye la chini asikate tamaa. Uzoefu wa kazi husaidia kwingine, ila uliza kabla ya kulipia fomu. Mwenye BTech, digrii ya teknolojia, naye aulize mapema. Tena masters haizibi pengo la digrii ya kwanza: Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ikikusajili, huangalia hiyo ya kwanza.

Pesa ndiyo kazi. Ukitaka nje, programu ya ufadhili ya DAAD, shirika la Ujerumani, iitwayo EPOS hutaka angalau miaka 2 ya kazi baada ya digrii, na kwa kawaida digrii isiwe imepita miaka 6, kwa hiyo usikae kibarazani ukingoja. Na anayekwambia Ujerumani husomi kwa ada, muulize jimbo gani. Vyuo vya serikali vya Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.