Mradi wenu uhamie Git au ubaki Subversion? Hatua kwa hatua

Git na Subversion ni programu za kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake. Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Ni kwa wenye miradi ya programu huria huku kwetu Kigoma na Tabora, ambako bando linauma na mtandao hukatika.

1. Andikeni kinachowakwamisha leo. "Siku hizi wote wako Git" si sababu. "Wenzetu wa Kasulu hawawezi kukomiti mtandao ukikata" ni sababu, maana Subversion huitaka seva kwa kila komiti (badiliko linalohifadhiwa kwenye historia), Git haiitaki.

2. Mjue nani atawashika wengine mkono. Kama hayupo, ishieni hapo. Mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD bado wako CVS, programu kongwe ya kazi hiyohiyo, na kazi inaenda. Wa lugha ya Python walihamia Mercurial, programu nyingine ya aina hii, 2011, wakahama tena kwenda Git 2017. Kila safari wachangiaji walijifunza upya.

3. Chukueni nakala kamili kwa `svnadmin dump`.

4. Historia. Hapa someni taratibu, ndipo miradi inapoharibika. Subversion huhifadhi jina la kuingilia tu, tuseme "juma". Git inataka jina kamili na barua pepe. Tengenezeni faili ya majina, mstari mmoja kwa kila mtu, hata aliyeacha mradi zamani:

`juma = Juma Fulani <juma@example.org>`

Kisha `git svn clone --stdlayout --authors-file=majina.txt` na anwani ya ripo (hifadhi ya mradi). Mkiruka faili hiyo, komiti zote zitabeba anwani za bandia. Kurekebisha baadaye kunabadilisha utambulisho wa komiti zote zinazofuata, na kila aliyekwisha kunakili ataanza upya. Mtu aliyejitolea usiku wake kuandika msimbo anastahili jina lake libaki.

Tahadhari mbili zaidi: tagi za zamani (alama za matoleo) hutokea kama matawi, zigeuzeni ziwe tagi halisi. Na msitumie `--no-metadata` kama ripoti zenu za hitilafu zinataja namba za komiti za Subversion, mfano "r412". Inaondoa mstari wa `git-svn-id` katika ujumbe wa kila komiti, nao ndio utakaowaonyesha ni komiti ipi.

5. Ripo ya zamani iacheni isomwe tu. Msiifute.

Maswali

— Mkuu, kwa kifupi, Git ndiyo bora?
— Hatua ya 1.

— Imegoma, inasema "Author: mwana not defined". Somo lako lina kasoro.
— Somo linasema kila mtu awemo. Ongeza "mwana" kwenye faili, kisha `git svn fetch`. Itaendelea ilipoishia.

— Niko Nzega. Nikikloni (nikinakili) ripo kubwa mtandao ukakata, inaanza mwanzo kabisa. Nifanyeje?
— Swali zuri, na ni la kupima kabla ya kuhama: `git clone` ikikatika haiendelei, wakati Subversion unaendeleza kwa `svn update`. Anza na `--depth 1`, inayoleta komiti ya mwisho tu, halafu vuta historia kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=200`. Au mwenye ripo kamili aandae `git bundle create mradi.bundle --all`. Inakuwa faili moja. Mnaweza kuituma kwa basi ikiwa kwenye flashi. Kloni kutoka humo, elekeza `git remote set-url origin` kwenye seva, na `git fetch` italeta mapya tu.

— Asante sana. Flashi yangu imekataa faili, inadai nafasi haitoshi na iko tupu.
— Itakuwa imeformatiwa FAT32, muundo usiopokea faili inayofika GB 4. Iformati kwa muundo wa exFAT, ila kama kuna kitu humo, hamisha kwanza.