Kuchanganya dawa za chumba cha giza: 1+9 ni sehemu kumi

Chupa ya devalopa (dawa inayotokeza picha kwenye filamu au karatasi) ikiandikwa 1+9, maana yake ni sehemu moja ya dawa na sehemu tisa za maji. Jumla ni sehemu kumi, na hiyo kumi ndiyo unayogawanyia. Kodak huandika 1:9 kwa maana ileile. Anayegawanya kwa tisa hapati kosa kubwa, lakini kwenye fiksa (dawa inayoidumisha picha isiharibiwe na mwanga) ya 1+4 akigawanya kwa nne anamwaga robo zaidi ya dawa inayotakiwa, na dawa hizi ni ghali.

Hatua ya 1. Anza na ujazo unaouhitaji. Tangi la kusafishia filamu la Paterson hutaka mililita 290 kwa filamu moja ya milimita 35. Kiasi kimeandikwa chini ya tangi.

Hatua ya 2. Jumlisha sehemu, kisha gawanya. Kwa lita moja, vipimo vikiwa mililita:
- Devalopa ya karatasi, 1+9: dawa 100, maji 900.
- Ilfostop (dawa ya kusimamisha kazi ya devalopa), 1+19: dawa 50, maji 950.
- Fiksa, 1+4: dawa 200, maji 800.

Hatua ya 3. Hesabu ikikataa, badilisha ujazo. HC-110, devalopa ya filamu, kwa 1+31 ina sehemu 32, na 300 haigawanyiki vizuri kwa 32. Tengeneza 320: dawa 10, maji 310. Rodinal 1+50 nayo, devalopa nyingine ya filamu, chukua dawa 6 na maji 300. Kiasi kidogo namna hii kipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ukikosea mililita moja kati ya sita, filamu itakuonyesha.

Hatua ya 4. Hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote: je, dawa yenyewe inaitosha filamu? Rodinal 1+100 kwenye mililita 300 ni kama mililita 3 tu za dawa. Uwiano ni sahihi, lakini dawa huenda ikachoka kabla kazi haijaisha na picha ikatoka hafifu. Mimi sishuki chini ya 5 kwa filamu moja, kwa hiyo natumia tangi kubwa: dawa 5, maji 500.

Hatua ya 5. Weka kwanza sehemu kubwa ya maji, mimina dawa, suuza kipimo humohumo, ndipo ujazie hadi kwenye mstari. Kwa asidi kali huo mpangilio ni wa lazima: asidi iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani.

Joto linalotakiwa kwa kawaida ni nyuzi 20. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa huwa na joto zaidi, basi ipoze chupa ndani ya beseni la barafu. Usitie barafu ndani ya dawa, maana ikiyeyuka inaongeza maji na uwiano wako umeharibika.

Dawa za unga. D-76 na ID-11, devalopa za unga, huyeyushwa kwanza pakiti nzima kwa ujazo ulioandikwa. Hiyo ndiyo dawa mama, na 1+1 huhesabiwa kutoka hapo: 150 na 150. Muda nao hubadilika. HP5 Plus (filamu ya nyeusi na nyeupe) iliyopigwa kwa kasi ya ISO 400 hukaa dakika 7 na nusu kwenye ID-11 isiyozimuliwa (isiyoongezwa maji), na dakika 13 kwenye 1+1. Iliyozimuliwa tumia mara moja, kisha mwaga.