Kuweka stopa ya pedali ya klachi kwenye gari la kujiundia

Magari ya kujiundia yanayofuata umbo la Lotus Seven ya mwaka 1957, ambayo wapenzi wengi nchini Uingereza huyajenga katika gereji za nyumbani, huchanganya vipuri ambavyo havikubuniwa kufanya kazi pamoja. Giaboksi inaweza kutoka kwenye Ford Sierra, pedali kwa muuza chasisi, na masta silinda, yaani silinda inayosukumwa na pedali ili kupeleka mafuta kwenye klachi, ikanunuliwa mpya kwa kipimo chochote kilichopatikana. Kazi ya kuoanisha vipimo, ambayo kiwandani hufanywa na mhandisi, humwangukia mjenzi, na mara nyingi pedali husafiri mbali kuliko klachi inavyohitaji. Stopa ni kizuizi kinachoikomesha pedali kabla haijafika huko.

Madhara yake si madogo. Springi ya presha pleti, bamba linaloibana sahani ya klachi, ina vidole vya chuma vinavyosukumwa na beringi, na vikisukumwa kupita kiasi kila siku huchoka, hupinda na mwishowe huvunjika. Kama slevu silinda, ile inayopokea mafuta kutoka kwenye masta na kuisukuma beringi, ni ya mviringo inayozunguka shafti ya giaboksi, pistoni inaweza kupita sili yake na kumwaga mafuta juu ya sahani ya klachi, na hapo hakuna njia isipokuwa kuishusha giaboksi.

Anza na hesabu. Chukua masta yenye kipenyo cha milimita 19, slevu ya milimita 22, na pedali yenye uwiano wa 6 kwa 1. Mguu ukisafiri milimita 150, pushirodi, fimbo inayounganisha pedali na masta, husogea milimita 25 na slevu hutoka zaidi ya milimita 18. Ikiwa klachi hiyo inahitaji milimita 13 tu ili iachie, yaani itenganishe injini na giaboksi, pedali ilipaswa kukoma karibu na milimita 105. Hesabu hii hukuonyesha ukubwa wa tatizo, lakini mahali halisi pa stopa hupatikana kwa kupima kwenye gari lenyewe.

Toa upepo wote kwenye mfumo kabla ya kupima, kwa sababu hewa hufanya pedali ionekane kuhitaji safari ndefu. Kwa klachi ya waya, rekebisha kwanza nafasi huru ya waya. Inua magurudumu ya nyuma, liweke gari juu ya stendi imara, zuia magurudumu ya mbele, zima injini na uingize gia ya kwanza. Msaidizi akanyage pedali polepole huku wewe ukijaribu kuizungusha propela shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, kwa mkono. Usipime kwa kuzungusha gurudumu moja: difu ya kawaida, gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, itaruhusu gurudumu la pili lizunguke kinyume, nawe utadhani klachi imeachia. Propela ikizunguka kwa wepesi, pima umbali ambao pedali imesafiri, kisha ongeza milimita 10 hadi 15, kwa kuwa klachi huhitaji nafasi ya ziada inapopata joto.

Stopa yenyewe ni bolti ya milimita 8 yenye nati ya kufungia na kofia ya mpira, ikielekezwa kwenye mkono wa pedali. Iweke karibu na kikanyagio kadiri inavyowezekana. Ikigusa mkono pale pushirodi inapoungana nao, nguvu ya mguu huifikia ikiwa imezidishwa mara sita. Bati la alumini la sakafu halitahimili hata hivyo, hivyo weka nyuma yake kipande cha chuma kilichofungwa kwenye fremu. Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kuirefusha au kuifupisha pushirodi, nami siikubali: ikiwa ndefu mno, mafuta hayarudi kwenye chupa, presha hubaki na klachi huteleza.

Pedali ya breki isiwekewe stopa ya namna hii kamwe. Mzunguko mmoja wa breki ukifeli, safari iliyobaki ndiyo inayolisimamisha gari.

Maliza kwa kuendesha hadi injini na giaboksi vipate joto kamili. Kisha, gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma taratibu, kanyaga pedali hadi kwenye stopa, subiri sekunde chache na uingize rivasi. Ikisaga, irudishe bolti nyuma nusu mzunguko na ujaribu tena. Ikiingia kimya, kaza nati.