Kutafsiri majina ya vyombo vya nyumbani kutoka Kiingereza kwenda Kilithuania, hatua kwa hatua

Ukipanga nyumba Kaunas au Vilnius, siku ya kupewa funguo utawekewa mbele yako karatasi inayoitwa *perdavimo–priėmimo aktas*. Ni hati ya makabidhiano: inaorodhesha kila kilichomo ndani, kuanzia friji hadi vijiko, pamoja na hali yake. Siku ya kuhama, mwenye nyumba anapita chumba kwa chumba na karatasi hiyohiyo mkononi. Mara nyingi mpangaji mgeni anakuwa na orodha yake ya Kiingereza, mwenye nyumba anataka ya Kilithuania, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Mwongozo huu ni kwa Mswahili anayejua Kiingereza vizuri na Kilithuania kiasi, anayetaka kujifanyia kazi hiyo mwenyewe au kumsaidia mwenzake.

Tufanye kazi na orodha hii ya mfano: "1 fridge, 1 stove, 2 pots, 1 frying pan, 12 glasses, 6 plates, 1 pair of scissors, 2 blankets, 1 towel rail, 3 interior doors, scratched". Inaonekana ya dakika tano. Haiko hivyo.

Hatua ya 1: Weka kibodi ya Kilithuania

Alfabeti ya Kilithuania ina herufi 32. Haina q, w wala x, ila ina tisa zenye alama: ą, č, ę, ė, į, š, ų, ū na ž. Kwenye kibodi ya Kilithuania ya kompyuta, nane za kwanza zinakaa kwenye mstari wa tarakimu, kuanzia 1 hadi 8, na ž inakaa kwenye kitufe cha alama ya sawasawa. Kwenye simu, bonyeza herufi ya kawaida na uishikilie.

Kwenye meseji Walithuania wenyewe huziacha alama hizo na wanaelewana. Hati ya kusainiwa ni jambo jingine. Tazama neno la sahani: *lėkštė* ni sahani ikiwa mtenda au ikitajwa tu kwenye orodha, *lėkštę* ni sahani inayotendwa kitu, kama vile kuoshwa au kuvunjwa, na *lėkšte* ni "kwa sahani". Tofauti yote iko kwenye herufi moja ya mwisho.

Hatua ya 2: Kione kitu chenyewe kabla ya kufungua kamusi

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi nzima, na ndiyo watu wanaoiruka. Mwambie mwenye orodha akuoneshe kitu au akutumie picha. Kiingereza cha jikoni kina maneno yanayokusanya vitu vingi chini ya jina moja, na Kilithuania huvitenganisha bila huruma.

"Glass" ni mfano wa kwanza. Glasi ya maji ni *stiklinė*. Ile ya mvinyo, yenye mguu, ni *taurė*. Na *stiklas* ni kioo chenyewe, malighafi, kama cha dirishani. Mashine ya kutafsiri ukiipa neno tupu bila sentensi hukimbilia maana moja, na si lazima iwe ya kabatini kwako.

"Pot" je? Sufuria ni *puodas*, lakini chungu cha maua ni *vazonas*. Buli la chai ni *arbatinukas*, na birika la kuchemshia maji ni *virdulys*. Hapa Mswahili ana unafuu, maana birika na buli kwetu pia ni vitu viwili.

"Sink" inataka uulize iko chumba gani. Ya jikoni, ya kuoshea vyombo, ni *plautuvė*. Ya bafuni, ya kunawia, ni *praustuvas*. Mitaani utasikia *kriauklė* kwa zote mbili, neno ambalo pia ni kombe la baharini.

"Stove" ndiyo yenye mitego mingi. Jiko zima la kupikia ni *viryklė*. Kama ni sehemu ya juu tu, ile bapa iliyopachikwa kwenye meza ya jikoni, ni *kaitlentė*, na oveni ni *orkaitė*. Jiko la kuni lililojengwa ukutani, lile la nyumba za zamani na za vijijini, ni *krosnis*. Ukishajua lipi, uliza linatumia nini: *dujinė viryklė* ni la gesi, *elektrinė viryklė* ni la umeme. Mwenye nyumba anataka kuona neno hilo.

"Blanket" kwa baridi ya kule haiwezi kuachwa hivihivi. *Antklodė* ni ile nene ya kujifunika usiku. *Pledas* ni blanketi jepesi la kutupia miguuni ukiwa kwenye sofa.

"Bathroom" nayo iangalie. *Vonia* kwanza ni beseni la kuogea mtu akiwa amelala ndani, kisha watu wanaita hivyo hata chumba, ambacho kwa ukamilifu ni *vonios kambarys*. Kama nyumba ina bomba la mvua tu, andika *dušas*, usije ukadaiwa beseni ambalo halikuwahi kuwepo. Na "iron" ya kunyoshea nguo ni *lygintuvas*. Ukikuta *geležis* kwenye orodha ya mtu, amekabidhiwa madini ya chuma.

Hatua ya 3: Nenda dukani, hata kama ni kwenye simu

Bidhaa zinazouzwa rasmi Lithuania hutakiwa kuwa na maelezo ya Kilithuania. Kwa hiyo tovuti za maduka ni kamusi ya picha ya bure. Andika neno unalolifikiria kwenye kisanduku cha kutafuta cha Senukai, wanaouza vifaa vya ujenzi na vya nyumbani, au IKEA ya Lithuania. Picha zikionesha kitu chako, umepata. Zikionesha kitu kingine, soma jina lililoandikwa chini ya kile kinachofanana na chako. Mimi nauamini ukurasa wa duka kuliko kamusi ya lugha mbili, kwa sababu muuzaji akikosea jina hauzi.

Kamusi kubwa ya Kilithuania, *Lietuvių kalbos žodynas*, ina juzuu 20 zilizotoka kati ya 1941 na 2002, na iko yote mtandaoni. Ni hazina, lakini imejaa maneno ya lahaja na mifano ya zamani, kwa hiyo itumie kuelewa neno, si kuamua kwamba ndilo linalotumika leo. Ukibishana na mtu kuhusu neno sanifu, fungua tovuti ya Tume ya Taifa ya Lugha ya Kilithuania, VLKK. Wana benki ya majibu ya maswali kama hayo.

Utakutana na kitu kingine pia: maneno ya nyumbani ambayo kila mtu anayasema na hakuna anayeyaandika kwenye hati. Bibi wa jirani atasema *čainikas* kwa birika, *bliūdas* kwa bakuli, *kaldra* kwa blanketi, *viedras* kwa ndoo. Mengi yametoka lugha za Kislavoni. Yaelewe, ila kwenye karatasi andika *virdulys*, *dubuo*, *antklodė*, *kibiras*.

Kuna neno moja ninalolitetea. "Towel rail" la bafuni, lile bomba la moto lililopinda-pinda ambalo watu huanikia taulo, jina lake la dukani ni *rankšluosčių džiovintuvas*, yaani kikaushio cha taulo. Lakini Lithuania nzima inaliita *gyvatukas*, kanyoka, na jina hilo linaonekana hadi kwenye bili za kupasha nyumba joto. Hapo naandika yote mawili, la pili kwenye mabano, maana fundi akija kulitengeneza atauliza *gyvatukas* iko wapi.

Hatua ya 4: Lipasue neno uone limeundwaje

Maneno mengi ya nyumbani yanajieleza yenyewe ukijua vipande vyake. Kiambishi *-tuvas* au *-tuvė* mara nyingi hutaja chombo cha kufanyia kazi fulani: *šaldyti* ni kupoza, *šaldytuvas* ni friji. *Kepti* ni kukaanga, *keptuvė* ni kikaango. Mengine ni maneno mawili yaliyounganishwa: *indaplovė*, mashine ya kuosha vyombo, ni vyombo na kuosha. *Rankšluostis*, taulo, ni mkono na kufuta. *Gartraukis*, ile mashine ya juu ya jiko, ni mvuke na kuvuta.

Kitanda ndicho darasa zuri zaidi. *Kloti* ni kutandika, na *kloti lovą* ni kutandika kitanda, vilevile kama tusemavyo. *Antklodė* ina *ant*, juu, kwa hiyo ni kinachotandikwa juu. *Paklodė* ina *pa-*, chini, na ndiyo shuka. *Pagalvė*, mto, ni kinachokaa chini ya *galva*, kichwa. Foronya ni *pagalvės užvalkalas*. Kifuniko cha duveti ni *antklodės užvalkalas*. Seti nzima andika *patalynės komplektas*.

Hatua ya 5: Jinsia, na vitu visivyo na umoja

Kila nomino ni ya kiume au ya kike. Zinazoishia *-as*, *-us* na *-ys* kwa kawaida ni za kiume, zinazoishia *-a* na *-ė* kwa kawaida ni za kike. Zenye *-is* zikague kwenye kamusi. Aliyekua na ngeli haogopi hili: sifa inafuata nomino, basi. Meza iliyochubuka ni *subraižytas stalas*, kikaango kilichochubuka ni *subraižyta keptuvė*.

Kinachohitaji uangalifu ni nomino zinazoishi kwenye wingi peke yake. Mlango ni *durys*, hata ukiwa mmoja. Mkasi ni *žirklės*, sakafu ni *grindys*, dari ni *lubos*. Sifa nayo inakwenda wingi: *subraižytos durys*. Na ukitaka kuhesabu ndani ya sentensi, vitu hivi vina hesabu yao: mkasi mmoja ni *vienerios žirklės*, milango miwili ni *dvejos durys*, mitatu *trejos durys*.

Hatua ya 6: Namba inabadilisha mwisho wa neno

Kuanzia 2 hadi 9, nomino inakuwa wingi wa kawaida: *6 lėkštės*. Kuanzia 10 hadi 20 inaingia kwenye hali ya umilikaji, wingi: *12 stiklinių*, *12 lėkščių*. Ukifika 21 inarudi umoja, *21 šaukštas*, kijiko kimoja kana kwamba ile ishirini haipo. Kwa 22 unaanza upya: *22 šaukštai*.

Sasa njia ya mkato ambayo Walithuania wenyewe wanaitumia kwenye orodha. Andika jina, kistari, namba, halafu *vnt.*, kifupi cha neno la "kipande" au "kitu kimoja": *Stiklinės – 12 vnt.* Namba imehamia kwenye *vnt.*, na jina linabaki kwenye wingi wake wa kawaida. Hata milango inaandikwa hivyo. Seti iandikie *kompl.*

Hatua ya 7: Mpangilio wa "cha" na mahali

Sisi tunasema meza ya jikoni, wao wanaanza na mwenye mali: *virtuvės stalas*. *Virtuvė* ni jiko, yaani chumba cha kupikia, *virtuvės* ni "ya jikoni". Mlango wa bafuni ni *vonios durys*. Geuza tu.

Mahali, Mswahili atajisikia nyumbani. Kama vile -ni yetu, Kilithuania huongeza mwisho kwenye neno: *virtuvėje* ni jikoni, *spintoje* kabatini, *šaldytuve* ndani ya friji. Ila mezani usiifanye hivyo. *Stale* itakuwa ndani ya mbao za meza. Juu ya meza ni *ant stalo*, chini ya kitanda ni *po lova*.

Hatua ya 8: Vibandiko vya maelekezo

Wakati mwingine utaombwa utafsiri karatasi ya kubandika ukutani, mfano kikaango kioshwe kwa mkono. *Keptuvę plaukite rankomis* ni sawa. Ukikanusha, kitendwa kinabadilika: *Neplaukite keptuvės indaplovėje*, msioshe kikaango kwenye mashine. *Keptuvę* imegeuka *keptuvės* kwa sababu ya *ne-*. Kanuni hii haina huruma, na mtu akiivunja msomaji anajua papo hapo kwamba kibandiko kimetoka kwenye mashine ya kutafsiri. Mwisho *-kite* ni wa heshima na pia wa watu wengi. Kwenye kibandiko tumia huo.

Orodha yetu ikiwa imekamilika

Baada ya kuona picha: jiko ni la gesi na lina oveni, glasi ni za maji, blanketi ni za kulalia.

Šaldytuvas – 1 vnt.
Dujinė viryklė su orkaite – 1 vnt.
Puodai – 2 vnt.
Keptuvė – 1 vnt.
Stiklinės – 12 vnt.
Lėkštės – 6 vnt.
Žirklės – 1 vnt.
Antklodės – 2 vnt.
Rankšluosčių džiovintuvas (gyvatukas) – 1 vnt.
Vidaus durys, subraižytos – 3 vnt.

Pitia orodha na mwenye nyumba mkiwa ndani, mkigusa kila kitu kinachotajwa, kisha nyote wawili msaini kila ukurasa. Akisema *gyvatukas* ni moja lakini wewe umeona mbili, hesabuni tena kabla ya kalamu.