Jinsi ya kumpata daktari wa uzazi anayepokea bima ya afya ya umma

Maneno "tunapokea bima" yamewaponza wengi, nami nimo. Nilikaa mapokezi nikiwa na mimba ya wiki 14, kadi mkononi, bango la bima limebandikwa ukutani juu ya kichwa changu, na bado nikatoka na ankara ya kulipa mwenyewe. Hospitali ilikuwa na mkataba na mfuko wa bima. Daktari aliyenipima hakuwa nao. Alikuwa amepanga chumba pale kwa siku mbili za wiki, na wagonjwa wake walimlipa yeye taslimu. Hakuna aliyenidanganya. Niliuliza swali fupi, nikapewa jibu fupi.

Swali lenyewe ni refu kidogo: je, daktari huyu, katika kituo hiki, kwa aina yangu ya bima, anapokea wagonjwa wapya, na atakuwa bado anapokea siku nitakapojifungua? Kila kipande cha swali hilo kina kazi yake, na hatua zilizopo hapa chini ni za kutafuta majibu yake kimoja kimoja.

Hatua ya 1: Isome kadi yako kabla ya kumtafuta mtu

Angalia namba ya uanachama, jina la mpango au daraja lako, tarehe ya mwisho ya kadi, na kama wewe ni mchangiaji au mtegemezi wa mtu mwingine. Linganisha na kitambulisho chako herufi kwa herufi. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa kwenye kitambulisho lakini si kwenye bima atakwama dirishani siku ambayo hana nguvu za kubishana. Rekebisha sasa.

Kisha piga simu kwa mfuko au nenda ofisini kwao uulize mambo mawili. Kwanza: naruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, au lazima nipitie kituo nilikosajiliwa nikapewe barua ya rufaa? Mifuko hutofautiana sana hapa. Ipo inayomruhusu mwanamke aende kwa daktari wa uzazi bila rufaa, na ipo isiyolipa hata senti moja kama hukupitia kituo cha chini. Pili: kitita changu cha mafao ya uzazi kina nini? Omba kwa maandishi. Tafuta humo kliniki ya wajawazito, vipimo vya maabara, altrasaundi (na ngapi), kujifungua kwa kawaida, kujifungua kwa upasuaji, siku za kulazwa, huduma baada ya kujifungua, na uzazi wa mpango. Haya si mapya: Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952 ulishaweka huduma za kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua na baada yake kuwa sehemu ya mafao ya uzazi, zitolewe na daktari au mkunga mwenye sifa. Lakini kilichoandikwa kwenye kitita chako ndicho kitakachosomwa dirishani.

Kama tayari una mimba na bado huna bima, usisubiri tumbo lionekane. Peleka maombi pamoja na cheti cha kituo cha afya kinachoonyesha una mimba na tarehe ya matazamio, kisha uliza: kuna muda wa kusubiri kabla ya mafao kuanza? Wajawazito wana utaratibu wao wa haraka? Gharama nilizokwishalipa kabla ya kadi kutoka zinarudishwa? Baadhi ya mifuko ina hayo mawili ya mwisho na haitangazi sana.

Hatua ya 2: Hakikisha unayemhitaji ni bingwa

Hili watu hulipita haraka, na ndilo linaloweza kukuokolea wiki nzima ya simu. Mimba isiyo na matatizo inaweza kufuatiliwa vizuri na mkunga aliyesomea kazi hiyo, na wakunga wanaofanya kazi katika vituo vya bima ni rahisi kupatikana kuliko mabingwa. Bingwa mng'ang'anie kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, una shinikizo la damu au kisukari, umebeba mapacha, uliwahi kupata kifafa cha mimba, mimba zako zimekuwa zikiharibika, au unatokwa damu. Wasio wajawazito nao wana sababu zao: hedhi nzito isiyokwisha, uvimbe kwenye kizazi, maumivu ya nyonga, au majibu yasiyoeleweka ya kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Anayetafuta matibabu ya ugumba aulize mapema kabisa, kwa sababu mifuko mingi ya umma hulipia uchunguzi na kuishia hapo.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha, lakini anzia mwisho

Mfuko una orodha ya watoa huduma, kwenye tovuti yake au ofisini. Ichukue kama dokezo tu. Orodha hizi huchelewa kusasishwa, na ndani yake utawakuta waliostaafu, waliohama na waliokwishavunja mkataba.

Njia iliyonisaidia mimi ni kuanzia siku ya kujifungua na kurudi nyuma. Chagua kwanza hospitali mbili au tatu ambazo bima yako inalipia uzazi na ambazo unaweza kuzifikia usiku wa manane. Halafu piga simu wodi ya wazazi au kliniki ya wajawazito ya hospitali hiyo uulize ni madaktari gani wanaozalisha pale kwa bima. Ukianza na daktari unaweza kumpata mzuri, ukamzoea miezi saba, kisha ukaambiwa yeye hazalishi kwenye hospitali yoyote iliyo kwenye mpango wako.

Hospitali za umma na zile za vyuo vya tiba usiziruke kwa sababu ya foleni. Mara nyingi mabingwa wake ni waajiriwa, kwa hiyo lile tatizo la daktari mwenye chumba cha kupanga halipo sana. Waulize pia manesi, na wanawake waliojifungua karibuni. Aliyejifungua miaka mitano iliyopita atakupa moyo, lakini taarifa zake zimepitwa na wakati. Pata majina matano au sita.

Hatua ya 4: Simu

Piga katikati ya asubuhi, msongamano wa kufungua ukishapungua. Kaa na kalamu, kadi ikiwa mbele yako. Mazungumzo yaende hivi:

"Habari za kazi, dada. Natafuta nafasi kwa daktari wa uzazi. Bima yangu ni ya umma, mpango wangu ni huu hapa," umsomee jina kamili kama lilivyo kwenye kadi.

"Ndiyo, tunapokea."

"Asante. Ni kituo kinachopokea, au na daktari mwenyewe yumo kwenye mkataba?"

Hapo mara nyingi kunakuwa na kimya kidogo. Ngoja. Akisema ataulizia, mwambie utasubiri kwenye laini, au muulize upige tena saa ngapi. Akikujibu "wewe njoo tu tutaangalia hapa hapa", hesabu hilo kuwa hapana mpaka lithibitike vinginevyo. Nauli ni yako.

Akithibitisha, endelea: daktari anachukua wagonjwa wapya wa bima kwa sasa? Nafasi ya karibu ni lini? (Kama ni mbali, omba uandikwe kwa wanaoitwa mtu mwingine anapoahirisha.) Kuna kiasi nitachangia mwenyewe kila ninapokuja? Altrasaundi na maabara zinafanyika hapo hapo, au napelekwa kwingine, na huko kwingine bima inapokelewa? Anazalisha hospitali gani? Asipokuwepo siku yenyewe, anayeshika zamu yake naye yumo kwenye bima?

Kama unatarajia upasuaji, ongeza swali la daktari wa usingizi. Huyu huchaguliwa na hospitali, wewe humjui wala hukumwomba, na ankara yake inaweza kuja peke yake. Vivyo hivyo wodi ya watoto wachanga kama mtoto atazaliwa njiti.

Andika jina la uliyeongea naye, tarehe, saa na alichosema. Kisha piga simu ya pili, kwa mfuko, uwatajie daktari na kituo uone kama kumbukumbu zao zinasema hivyo hivyo. Majibu yakigongana, upande utakaolipa ndio wa kuuamini. Waombe uthibitisho kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo.

Wakati ukiendelea kutafuta, kliniki isisimame

Hii siyo hatua, ni onyo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8: mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Altrasaundi moja ifanyike kabla ya wiki ya 24, kwa sababu baada ya hapo makadirio ya umri wa mimba huanza kupoteza usahihi. Kumtafuta bingwa wa bima kunaweza kumeza mwezi. Anza kliniki kwenye kituo cha umma kilicho karibu hata kama huna mpango wa kubaki hapo. Damu itapimwa, shinikizo litapimwa, utapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na kadi ya kliniki utaondoka nayo kwenda kwa bingwa ukishampata. Naye atafurahi kukuta kuna kumbukumbu za kuanzia.

Hatua ya 5: Rufaa na kibali

Barua ya rufaa isome ukiwa bado mbele ya aliyekuandikia. Iwe na sababu ya rufaa, jina la idara unayokwenda, mhuri, tarehe ya mwisho na idadi ya mahudhurio. Rufaa ya hudhurio moja kwa mimba ya miezi tisa itakurudisha foleni ile ile kila mwezi, kwa hiyo omba igharamie mimba nzima kama mfuko unaruhusu. Kibali cha mfuko ni kitu kingine: huombwa na hospitali kabla ya upasuaji uliopangwa au kipimo cha gharama kubwa. Uliza kama kimeshatoka, uandike namba yake.

Dharura haina kibali. Ukitokwa damu, ukapata degedege, kichwa kikauma sana macho yakiwa na ukungu, maji yakavuja kabla ya wakati, homa kali ikapanda, au mtoto akapunguza kucheza, nenda hospitali iliyo karibu, iwe kwenye orodha au isiwe. Mtu wa nyumbani ndiye atakayewapigia simu watu wa bima, na ajue mapema wanatakiwa kuarifiwa ndani ya saa ngapi.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Beba kadi ya bima, kitambulisho, rufaa, kadi ya kliniki, majibu yote ya vipimo na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Omba dawati la bima wahakiki kadi kwenye mfumo kabla hujaingia kwa daktari. Baada ya kutoka umeshachelewa. Ukipewa fomu ya kusaini, isome hata kama foleni inaguna nyuma yako. Zipo fomu zenye sentensi ya kukubali kulipa chochote ambacho bima itakataa. Uliza ni huduma ipi ya leo wanayodhani itakataliwa, na kwa nini.

Ndani, mweleze daktari kuwa unatumia bima ya umma. Siyo aibu, ni taarifa ya kazi: ataandika dawa zilizo kwenye orodha ya mfuko na kukupeleka maabara inayolipiwa.

Ukikataliwa au ukitozwa

Kama daktari yumo kwenye orodha lakini anakukataa, usigombane na mtu wa mapokezi. Mjulishe mfuko siku hiyo hiyo, uwatake wao wakutafutie daktari mwenye nafasi, kwa kuwa kuhakikisha mwanachama anapata huduma ni kazi yao. Wakishindwa ndani ya umbali unaofikika, omba kwa maandishi uruhusiwe kumwona aliye nje ya orodha kwa gharama ya bima. Mifuko kadhaa ina utaratibu huo. Taja wiki za mimba kwenye barua. Wiki ya 30 husomwa haraka kuliko malalamiko ya kurasa mbili.

Ankara ikija, omba mchanganuo wa kila kitu kabla ya kutoa pesa. Makosa ya kawaida ni namba ya uanachama iliyoandikwa vibaya, kibali kisichoambatanishwa, au huduma iliyoombewa malipo kwa jina la daktari asiye na mkataba. Mengi hurekebishwa na hospitali yenyewe kwa kuwasilisha dai upya. Ukilazimika kulipa, dai risiti yenye jina lako na aina ya huduma, na uulize mwisho wa kuomba kurudishiwa ni lini.

Kabla hujajifungua, maliza mawili yaliyobaki. Weka miadi ya baadaye: mama na mtoto wanatakiwa kuangaliwa ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6, na hiyo ya wiki ya 6 hujaa mapema. Halafu uliza mtoto atabebwa na kadi yako kwa siku ngapi kabla ya kulazimika kuandikishwa mwenyewe, na zinahitajika karatasi gani. Namba hiyo ya siku iandike kwenye jalada la kadi ya kliniki, na umwonyeshe atakayekwenda kumwandikisha, maana wewe utakuwa huna usingizi wa kukumbuka.