SOMO: Kutafuta pakiti za barafu za kutumia tena na tena, Kampala na mikoani

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto la kilojuli 334. Jeli ya bluu iliyo ndani ya pakiti za dukani kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo nayo haivuki kiwango hicho. Muuzaji akikuambia jeli inashika baridi mara mbili ya barafu, usimlipe kwa neno hilo. Angalia mambo matatu: uzito, ganda, na nyuzi ambazo pakiti inayeyukia.

Hatua ya 1: Jua unahitaji kilo ngapi

Chukua boksi la foomu la lita 40, ukuta wa sentimita 2, nje kuna nyuzi 28. Likifungwa vizuri linakula gramu 400 hivi za barafu kwa saa. Boksi la ujazo huo huo lenye ukuta wa sentimita 5 linakula gramu 160 tu. Ongeza nusu kwa ajili ya kufungua kifuniko, nyufa na jua. Safari ya basi ya muda wa saa nane kuelekea Arua itataka kilo 5 kwenye boksi jembamba, na kilo 2 kwenye boksi nene. Ndiyo maana tunasema pesa ya kwanza iende kwenye boksi. Mtu ananunua pakiti za bei, halafu anazitia kwenye kikapu cha foomu kilichopasuka kona!

Hesabu hiyo ni ya vitu vilivyokwisha kupoa. Kushusha lita 4 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 5 peke yake kunamaliza kilo nzima ya barafu. Poza soda, maziwa au samaki kwanza, kisha upakie.

Hatua ya 2: Pa kutafuta

Supamaketi kubwa huziweka karibu na mabegi ya chakula na flaski. Kikuubo na Owino, maeneo ya biashara ya Kampala, ulizia kwenye maduka ya vyombo vya plastiki. Sehemu ambayo wengi hawaifikirii ni maduka ya dawa ya jumla: dawa zinazotakiwa kukaa kwenye ubaridi hufika zimezungukwa na pakiti za jeli, na baadhi ya maduka huzitupa. Uliza kwa adabu, beba mfuko wako. Wanaosafirisha samaki kwa ndege nao wanazitumia.

Pakiti za plastiki ngumu zinazotumika kubebea chanjo vituo vya afya vya serikali ni mali ya umma. Ukiziona mtaani zikiuzwa, ziache. Zikipungua kituoni, mtoto wa mtu atakosa chanjo.

Usichanganye na mbili hizi. Ile ya kubonyeza ikapoa yenyewe ni ya kutumia mara moja tu. Ile laini ya kukandia goti hutumika tena, lakini ni ndogo, na kwa uzito wake ni ghali.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kulipa

Igeuze juu chini, uibane kwa viganja viwili kwa dakika nzima, kisha pitisha kitambaa kikavu au karatasi kwenye mshono na kwenye kizibo. Unyevu wowote, rudisha. Ganda gumu lisiwe limejaa hadi juu: maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na pakiti isiyo na nafasi hupasuka mshono. Gawanya bei kwa gramu, maana pakiti mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana sana kwa uzito.

Soma nyuzi zilizoandikwa. Ya 0 ni ya vinywaji, maziwa, samaki na mboga. Ya -21 ni ya aiskrimu na nyama iliyoganda, na inataka friza yenye nguvu. Friza ya nyumbani inayofika -18 haitaigandisha sawasawa, na utadhani umeuziwa bovu.

Hatua ya 4: Ukikosa, tengeneza

Chupa ya soda ya nusu lita ni imara kuliko ya maji. Tia mililita 450, funga, gandisha ikiwa imesimama. Kijerikeni bapa cha mafuta ya kupikia, kikioshwa kwa sabuni, ni bora zaidi kwa sababu kinakaa ubavuni mwa boksi bila kuacha mianya. Kaveera, yaani mfuko laini wa plastiki, usiitumie, hutoboka safari ya kwanza.

Ukitaka baridi kali zaidi, tia gramu 100 za chumvi kwa lita moja. Itaanza kuganda karibu na -6, na itabaki na ujiuji kidogo. Hiyo ni kawaida. Chumvi ikizidi sana, friza ya nyumbani haitaweza kuigandisha.

Hatua ya 5: Kugandisha na kupanga

Zipe saa 24, zikiwa zimeachana kwa upana wa kidole. Ukizirundika, ya katikati hubaki maji. Ndani ya boksi, nyingi zikae juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Jaza mianya kwa magazeti au nguo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Gulu: Mwalimu, mama yangu anatumia insulini. Naweza kuilaza juu ya pakiti iliyoganda?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Toa pakiti, iache mezani mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Usitegemee saa, sikiliza. Ifute, ifunge kwa taulo, kisha weka insulini pembeni bila kugusana. Akiba ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8.

Kutoka Mbale: Umeme unakatika sana. Pakiti zitaganda kweli?

Jibu: Zitaganda, ila usifungue mlango. Friza iliyojaa na kufungwa hukaa na baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu hukaa 24. Kwa hiyo nafasi tupu ijaze kwa chupa za maji. Zinalinda nyama na wakati huo huo unapata pakiti.

Kutoka Masese, Jinja: Sisi wa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, tunabeba sato hadi sokoni. Tuache barafu ya kusaga, tununue pakiti?

Jibu la mwanachama mwenzetu, mfanyabiashara wa samaki: Msiiache, kaka. Barafu ya kusaga inamkumbatia samaki pande zote. Pakiti inamgusa ubavu mmoja. Kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Pakiti ziwe za nyongeza, juu na kwenye kuta, ili barafu ichelewe kuyeyuka. Na maji ya chini yawe na tundu la kutokea.

Kutoka Ntinda: Dada zangu, nakamua maziwa ya mtoto kazini. Begi na pakiti mbili vinatosha?

Jibu: Vinatosha, dada, pakiti zikiwa zimeganda kabisa na zikigusana na chupa. Kwenye begi la kutunza baridi maziwa hukaa hadi saa 24. Ukifika nyumbani, yaingie kwenye friji mara moja.

Kutoka Moroto: Kwetu hakuna friza. Tufanyeje na nyanya?

Jibu: Chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Karamoja hewa ni kavu, kwa hiyo kinapoza vizuri. Entebbe, karibu na ziwa, kitawavunja moyo. Kinatosha nyanya na mboga. Nyama na maziwa msiviweke humo.

Kutoka Mbarara: Pakiti imepasukia juu ya nyama. Tule?

Jibu: Ikiwa nyama ilikuwa wazi, itupwe. Jeli nyingine zina glikoli ya ethilini, ambayo ni sumu na ina ladha tamu, hivyo hata mbwa asipewe. Ikiwa ilikuwa imefungwa na mfuko ni mzima, osha mfuko kwa sabuni nje kabla ya kuufungua.